Usimtwike Mtoto Mzigo wa Bunduki

Kuna mchana mmoja, mwanangu, ambao umri wangu wote haujaweza kuupita. Naukumbuka kwa harufu ya mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, na kwa sauti ya mdogo wangu Anuarite akicheka. Wewe umeanza kulea sasa, na nchi yetu ya Ituri haijatulia. Huenda kesho nawe ukabeba godoro kichwani na mtoto mgongoni. Basi sikiliza. Sina maneno ya kitabuni. Nitakueleza yaliyotupata.

Wakati ule nilikuwa msichana mkubwa, wa kuanza kuchumbiwa. Tulikaa Bunia, mtaa wa Lumumba. Papa alikuwa mpishi katika restora, mgahawa wa mjini, walikokula wafanyabiashara wa dhahabu na madereva wa malori. Alijua mbuzi, alijua sombe ya majani ya mihogo, na kapiteni, yule samaki wa ziwani, alimkaanga mpaka watu wakatafuna mifupa. Lakini sisi watoto wake hatukuwahi kuketi ndani mle. Tulimngoja mlango wa nyuma, akatutolea ukoko wa wali ndani ya jani. Anuarite, mtoto wa miaka saba mwenye ulimi usiopumzika, alikuwa akichungulia kupitia jikoni na kuuliza, "Papa, siku gani siye tutaikala kule ku meza?"

Papa alijibu vilevile kila mara, akimwita mama kama tunavyowaita wasichana wadogo. "Iko siku, mama. Iko siku."

Kisha vita vikaingia mjini. Nani alianza, kabila gani lilimchokoza jingine, hayo siyaongelei leo; nimewazika watu wa pande zote. Ninachojua ni kwamba mji ulibadilisha wenyewe mara kwa mara, na kila aliyeushika alikuwa na njaa. Makomanda wa kundi moja walikuja wakaketi kwenye zile meza, bunduki zikiegemea ukuta, wakasema, pika. Papa akapika. Wewe ungefanya nini? Walipofukuzwa wakaja wengine, na hao wapya wakaanza kuuliza nani aliwapikia maadui zao, nani aliwafulia. Jirani yetu aliyewafulia nguo alitolewa nyumbani kwake asubuhi, na hakurudi. Papa alipopata habari hiyo alikunja kitambaa chake cha jikoni akamwambia Mama, "Tunaondoka."

Kaka wa Mama alikaa Mahagi-Port, kwenye ziwa, akiuza samaki. Koko, mama yake Mama, alikaa naye. Tukaamua kwenda huko. Shida ilikuwa watoto. Toma, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado wa mgongoni, yeye hakuuliza kitu. Lakini Anuarite je? Papa alichuchumaa mbele yake.

"Mama, ile siku imefika. Tunaenda voyaji. Tutasalimia mujomba, na ku njia tutakula ku restora, siye wote, ku meza."

Nilimwona Mama akigeuza uso. Anuarite aliruka, akaenda kutafuta gauni lake la Noeli. Mama akataka kumkataza, Papa akasema, "Acha avae." Ndivyo alivyotoka Bunia, mwanangu. Watu wamejaa barabarani na vyungu na wagonjwa, naye katikati yao amevaa gauni la njano kama anayekwenda harusini, anamsalimia kila mtu.

Tulipata lori, likatusogeza sehemu ya njia, kisha dereva akaogopa kuendelea akatushusha. Tukashika milima ya Djugu kwa miguu. Kule ni kuzuri, macho hayashibi: vilima vya kijani, mikaratusi, ukungu wa asubuhi. Lakini vijiji vingine havikuwa na paa hata moja.

"Yaya," Anuarite aliniuliza, maana ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "juu ya nini nyumba hizi haziko na bati?"

Mama alinitangulia kujibu. "Banabadilisha. Bataweka mapya."

Mbele kidogo tulipita penye harufu, Papa akasema ni mbwa amekufa. Kila alichokiona mtoto tulikipa jina jingine. Usituhukumu upesi. Tulimfunika macho kwa maneno kwa sababu mikono yetu ilikuwa imejaa mizigo.

Kesho yake tukafika senta moja yenye soko dogo. Mwanzoni mwake palikuwa na baria, kamba iliyovutwa barabarani, na vijana wenye silaha wamekaa kivulini. Walitutazama, wakashusha kamba, tukapita. Ng'ambo ya soko kulikuwa na nyumba ya udongo inayotoa moshi, na ubao mlangoni: Restora. Mama alisema tusisimame. Papa akamtazama Anuarite. Miguu yake ilikuwa inatoa damu, na tangu alfajiri hakulia, maana alijiambia kwamba mtu anayekwenda restora halii.

"Nilimuahidi," Papa akasema.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, watu walimwita Mama Lucie. Alileta beseni la maji, akamnawisha Anuarite kwanza, kabla ya wakubwa, akamwinamia kwa heshima zote.

"Madamu atakula nini?"

Anuarite alitutazama mmoja mmoja kuona kama tumesikia alivyoitwa. "Samaki," akasema. "Na fufu. Na limonadi."

"Limonadi haiko, madamu. Iko chai."

"Basi, chai."

Tukacheka. Hata Mama alicheka, mkono mdomoni, kama mtu aliyesahau na kukumbuka kwa wakati mmoja. Papa alionja mchuzi akafumba macho, akasema chumvi ilichelewa kuingia. Anuarite alikula ameweka mgongo wima, akiwaangalia wateja wengine wanavyofanya. Sijawahi kumwona mtoto mwenye furaha ya namna ile, wala sidhani nitamwona.

Kwenye meza ya pembeni alikuwepo kijana mmoja mwenye uso mzuri, kofia yake juu ya goti, anakunywa chai. Hakuwa na bunduki. Alimtabasamia Anuarite.

"Mutoto muzuri. Munaenda wapi?"

"Mahagi-Port, kwa mujomba. Tuko voyaji."

"Chakula ya hapa iko tamu?"

"Iko tamu. Lakini ya Papa inapita hii! Papa yangu iko mupishi mukubwa wa Bunia. Hata bakomanda banakulaka kwake. Banamupenda sana."

Papa aliweka tonge chini. Kijana akauliza polepole, "Bakomanda gani?"

Na Anuarite, aliyefundishwa kumjibu mkubwa anapoulizwa, akawataja kama walivyojiita.

Kijana alimaliza chai yake. Akavaa kofia, akamwambia Mama Lucie aksanti, akatoka. Mama Lucie akaja mbio kutoka jikoni. "Papa, ule ni mutu wa baria. Tokea kwa nyuma!" Papa alisimama, Mama akawa anamfunga Toma mgongoni, lakini tayari walikuwa wamejaa mlangoni. Wengine walikuwa wadogo kuliko mimi.

"Mupishi," mmoja akasema, "kule batu beko na njala. Kuya utupikie siye pia." Wenzake wakacheka.

Papa hakubishana. Alijua akibishana mle ndani, watatuchukua sote. Aliinama, akamfuta Anuarite mchuzi kidevuni kwa kidole gumba. "Kula, mama. Maliza samaki yako. Miye nakuya." Akatoka nao.

Na mtoto akala, mwanangu. Alikula kwa sababu baba yake alimwambia ale. Alikuwa bado anatafuna tuliposikia milio ya risasi nyuma ya soko.

Mama alishika meza kwa mikono miwili. Mama Lucie alitusukuma kupitia jikoni, akatuonyesha njia ya kwenye mihogo. "Mukimbie. Musirudi kumuchukua. Miye nitamufunika." Kama alimfunika, hatukujua kamwe. Miaka ilipopita tulirudi kuuliza. Senta ile ilikuwa majani matupu, na hapakuwa na wa kumuuliza. Papa hana kaburi.

Tulifika Mahagi-Port tumevimba miguu. Mjomba alitupokea vizuri, sisemi vingine. Alimpenda Papa kama ndugu wa tumbo moja. Lakini Mama alipokwisha kueleza, uchungu ulimpanda mjomba ukatafuta mtu wa karibu, na aliyekuwa karibu ni Anuarite.

"Weye!" akasema. "Kinywa yako ndiyo iliua papa yako."

Hakuna aliyemjibu. Mama aliinamisha kichwa. Toma alilia, akanyonyeshwa. Neno likabaki pale katikati ya nyumba kama jiwe ambalo kila mtu analizunguka.

Tangu hapo Anuarite hakusema. Chakula kikiletwa alikitazama tu. Akiwekewa samaki alitapika. Alikonda mpaka gauni likawa linamdondoka mabegani. Mjomba mwenyewe aliingiwa na hofu, akamletea bonboni, akamletea miwa. Wazee walisema kidonda cha kisu hupona, cha ulimi hakina dawa, nami niliona kwa macho yangu.

Koko alikuwa mgonjwa wa miguu, hatoki chumba cha nyuma. Walimwambia mtoto ana malaria. Siku moja nilimpelekea Koko uji, akanishika mkono akaniuliza ni malaria gani isiyo na homa. Nikamweleza yote. Koko akasukuma uji pembeni.

"Unisimamishe."

Nikamshika mpaka uani, kila hatua akiugua. Mjomba alikuwa akianika samaki pamoja na majirani, Anuarite ameketi kando, Mama yuko mlangoni. Koko akamwita mwanawe. "Kuya hapa. Ikala chini." Mjomba, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, akaketi mchangani.

"Huyu mutoto alisema nini kule ku restora?"

"Alisema kama papa yake alipikia bale batu."

"Ilikuwa uongo?"

"Hapana, Mama."

"Alisifu papa yake kama anajua kupika. Sasa nani alimuuliza? Mutu mukubwa. Nani alikamata papa? Nani alipiga masasi? Ni huyu? Huyu mikono yake inaweza kubeba bunduki?"

"Hapana, Mama."

"Na mulimwambia kama kuna maneno ya kuficha?"

Hapo Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Hatukumwambia. Tulimwambia tunaenda kula."

"Basi angeficha nini?" Koko akasema. "Siwagombezi juu ya ile. Hata miye ningemufichia. Lakini kama mulifunga mutoto macho, musimupige juu alijikwaa." Kisha akamrudia mwanawe. "Weye uliogopa kukasirikia mwenye bunduki, ukakasirikia mwenye gauni. Kamata ile neno yako, uirudishe ku tumbo yako."

Mjomba alilia mbele ya majirani. Akaenda kwa magoti mpaka alipoketi Anuarite. "Haiko weye, si weye," akamwambia. "Miye nilisema mubaya. Batu ba bunduki ndio baliua papa yako."

Koko hakuridhika. Alisema neno lile lilitoka kinywani mwa mmoja lakini likaachwa na wote, kwa hiyo litaondolewa na wote. Mama akasema. Mimi nikasema. Hata majirani, mikono yao ina magamba ya samaki, wakaja mmoja mmoja wakamwambia mtoto: haiko weye.

Anuarite hakutabasamu. Alimtazama Koko, akauliza kwa sauti iliyokauka, "Kama singesema, Papa angerudi?"

Ningekuwa mimi, ningemwambia hapana. Koko hakumdanganya. "Sijui, mama. Pengine. Pengine bangemukamata ku baria ingine. Ile tunajua ni hii: ulimupenda papa yako, na kupenda mutu haiko kumuua."

Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia mpaka akalala mapajani mwa Koko, na alipoamka aliomba uji.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Anuarite leo ni mama wa watoto, anakaa Aru. Hapendi kuongea na mtu asiyemjua. Kuna siku ananipigia simu, tunazungumza habari za mvua na za mahindi, kisha habari hizo zinaisha, na ninajua swali linakuja. Ni lilelile alilomuuliza Koko. Namjibu kama Koko alivyojibu, bila kuchoka, kwa maana neno baya husemwa mara moja, lakini la kuliondoa husemwa maisha yote.

Mwanangu, wazee wanasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nani amewahi kuzilaumu nyasi kwa kuota pale? Ukikimbia na watoto, utawaficha mengi, na ni haki yako kuwaficha. Lakini yale yanayoweza kuwaua, waambie, kwa kipimo cha umri wao, kabla hamjafika barabarani. Wasipojua, lawama si yao. Na msiba ukiingia, shika ulimi wako, kwa kuwa moyo wenye uchungu humtafuta mnyonge wa karibu ili umpige. Mtu mwingine akimtwika mtoto neno la namna ile mbele yako, usiinamishe kichwa. Simama hata kama miguu inauma. Mtoto anayesikia watu wazima wamenyamaza huamini wamekubali. Akikuuliza swali lisilo na jibu, usimtungie jibu; kaa naye.

Mungu aliyewahesabu wadogo wote wa Ituri waliolala vichakani akufunike wewe na wako. Akupe hasira inayomjua mkosaji wake, na kinywa kinachoponya. Watoto wako waseme mbele yako bila hofu, wakue, wakuzidi kimo na hekima. Amina.