Badr, Fundi wa Nguzo za Kirumi

Shemeji yangu Badr aliwadharau Warumi wa kale kama watu wanavyomdharau jirani aliyetajirika juzi. Dharau hiyo alirudi nayo kutoka Perugia, mji wa Italia alikosomea uchoraji wa majengo ujanani. Mji ule waliujenga Waetruski. Lango lake kubwa la mawe ni kazi ya Waetruski, lakini Warumi walipouteka wakapanda juu wakachonga jina lao. Badr alisimama mbele ya lango lile siku nzima, akatoka hapo na hasira ya maisha. Habari yake nimeisikia mara mia, na mimi ni mtu wa kuhesabu.

Alifungua karakana ya jasi mtaa wa Ghala mwaka 1991, wakati Maskati nzima imeshikwa na homa ya nguzo. Kila aliyepata kiwanja mtaa wa Qurum alitaka nguzo za Kirumi mlangoni: mbili kwa mwenye haya, nane kwa asiye nayo. Nyumba ni ya mtu na mkewe na friji mbili, lakini mbele utadhani ndani kunahukumiwa dunia. Badr alizimimina, alizisimamisha, alipokea shukrani kwa mikono miwili. Akirudi nyumbani Khuwair ya Kusini, kwa dada yangu Nasriya, hata viatu hajamaliza kuvua ameshaanza.

"Kirumi, Kirumi! Cha kwao kipi? Wachunga kondoo wa vibanda vya udongo, na wakimbizi waliopokewa bila kuulizwa walikotoka. Wenyewe wanasimulia kwamba hata wake waliwapora kwa majirani. Joho la heshima wamelitoa kwa Waetruski. Kiti cha hakimu, Waetruski. Mitaro ya kukausha kinamasi chao wamechimbiwa na wafalme wa Kietruski. Herufi ni za Wagiriki, na hizo pia zimepitia kwa Waetruski. Halafu wakashiba, wakajitafutia babu: mwana wa kifalme wa Troya!"

Mama yake, Bibi Nyamizi, alikuwa akimsikiliza huku anachagua mchele. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeolewa huko na baba yake Badr, mfanyabiashara wa Kiomani. Mumewe alipofariki akamfuata mwanawe Maskati. Mrefu, mweusi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na cha sala, basi.

"Hao Waetruski wako," alimuuliza siku moja, "mama zao walihesabiwa?"

"Sana, mama. Kwenye kaburi waliandika jina la baba na jina la mama. Warumi ndio waliobakisha la baba peke yake."

"Basi walikuwa na adabu," akasema Bibi, akaendelea na mchele wake.

Mwaka 1998 Badr alijenga mbele ya jumba la Majid, Qurum. Nguzo kumi na mbili. Majid ni Mwarabu wa Mwanza, na akikasirika Kiswahili cha Mwanza humtoka mbele ya mtu yeyote. Lakini sebuleni kwake ilining'inia shajara ya ukoo katika fremu ya dhahabu, imepanda babu kwa babu hadi kwa watu ambao hakuna aliyebaki wa kuwaulizia. Mwanawe Fahd alikuwa akifanya kazi wizara moja na Rahila, binti wa Badr. Fahd akaposa. Rahila naye alisema wazi kwamba asipompata Fahd hataki mwanamume mwingine.

Majid hakukataa. Alimwita Badr pembeni. "Nataka kujua asili tu," alimwambia. "Pande zote mbili, ya baba na ya mama. Watu watauliza."

Siku mbili nzima hatukusikia habari za Warumi. Siku ya tatu Badr alinionyesha shajara aliyoichora mwenyewe, kwa mkono wake mzuri wa mchoraji wa majengo. Palipopasa kuwa na jina la Bibi Nyamizi aliweka mwanamke wa Kiarabu wa mji wa Nizwa, na baba yake, na babu yake, watu wazima na heshima zao ambao hawajapata kuzaliwa.

"Badr, hii si ndiyo Troya yenyewe?" nilimwambia.

"Usinchekeshe, Ghanim. Wewe huna binti."

Ni kweli sina. Mpaka leo naona haya kwamba jibu la kipuuzi namna ile lilinitosha.

Siku ya wageni, Nasriya alimwomba mama mkwe wake apumzike chumbani. Lakini Bibi hajawahi kuacha mgeni akaondoka bila salamu. Majid na Fahd walipokaa tu, akaingia mwenyewe na sinia ya halwa.

"Karibuni, wanangu. Hamjambo?"

Majid alimtazama juu mpaka chini. "Huyu nani?"

Nilimkodolea macho Badr. Nilitamani kwa roho yangu yote aseme.

"Yaya wetu," alisema. "Amenilea tangu mdogo."

Bibi aliweka sinia chini taratibu. "Nilimlea, ndiyo," akasema. "Alikuwa analia sana." Akatoka.

Harusi ikafanywa hotelini, na Bibi akakaa meza ya watumishi wa nyumba. Baada ya hapo, kila gari la Majid liliposimama nje alikwenda chumbani bila kuambiwa. Badr akimwita "mama", hata tukiwa wenyewe, alikuwa anaitika, "Abee, bwana." Na Badr, kwa uso mkavu, aliendelea kutuhubiria kwenye kahawa namna Warumi walivyojipachika ukoo. Niliacha kwenda.

Nilikwenda alipofariki Bibi, mwaka 2005. Nusu ya Khuwair ilijua tunamzika nani, na sikuamini kwamba Majid peke yake hakujua. Mtu wa Mwanza asitambue mama wa Kinyamwezi? Nadhani naye alikuwa na mtu wake wa kumficha, na aliyetangulia kudanganya alimrahisishia kazi.

Alikuja kutoa pole siku ya pili. Rahila alikuwa ameshamzalia wajukuu wawili. Badr alimkalisha kulia kwake, mimi nikawa kushoto.

"Poleni na yaya wenu," alisema Majid.

"Tumeshapoa."

"Miaka mingi amekaa nanyi, masikini." Majid alipokea kikombe cha kahawa, akakinywa, akakirudisha. "Mwenyewe alikuwa na watoto?"

Badr alichukua tende, akaitoa kokwa, akaitazama.

"Hakujaaliwa," alisema.