Gharama za Aliyeshinda

Jeconia Ouma alishinda kesi mara mbili, na mara zote mbili alirudi nyumbani, mtaa wa Landless huko Thika, akiwa amechoka kuliko alivyotoka.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye na Mburu walijuana wakiwa vibarua katika kiwanda kimoja cha Thika, na walipofutwa kazi pamoja wakafungua karakana ya mageti kule Mwiki, upande wa Ruiru. Benki ilitaka mkataba wa maandishi kabla ya kuwakopesha. Ndani yake wakili alitia kifungu kwamba wakikosana wasikimbilie kortini, watafute msuluhishi awaamue. Walipotia sahihi walicheka.

"Sisi tukosane juu ya nini, Baba Marvin?" Mburu alimuuliza Jeconia.

Walikosana juu ya mashine. Jeconia alikwenda kwao Busia kumzika mama yake, akakawia huko na mambo ya matanga. Aliporudi alikuta kufuli geni mlangoni, na mashine zote zimehamishiwa kwa shemeji yake Mburu, huko huko Mwiki.

"Ulipotea," Mburu alimwambia kwenye simu. "Wateja wangekungoja mpaka lini?"

Msuluhishi alikuwa mhandisi mstaafu, mtu mpole mwenye kikohozi. Aliwasikiliza katika chumba cha mikutano cha hoteli moja, si mbali na maporomoko ya Chania. Alipomaliza, Mburu alikataa kulipa nusu yake ya ada, na uamuzi haungetolewa kabla ada haijalipwa yote. Jeconia akauza ng'ombe aliowaacha mama yake, akalipa nusu yake na ya mwenzake. Uamuzi ukatoka: Mburu arudishe mashine za Jeconia na amlipe fidia. Kuhusu nani alipe mawakili, msuluhishi hakuandika neno. Jeconia hakuliona hilo. Alikuwa anashukuru Mungu.

Halafu Mburu akaenda Mahakama Kuu ya Thika kuomba uamuzi ule utupwe. Kesi ikaanza kuahirishwa. Leo jaji yuko likizo, kesho faili haionekani, kesho kutwa wakili wa Mburu ana homa. Kila mara Jeconia alifunga kibanda cha kazi alichokuwa amekodi, akavaa shati lile lile jeupe, akaenda kukaa kwenye benchi. Wateja walizoea kutomkuta.

Siku ya hukumu jaji alisoma kwa sauti ya chini. Ombi la Mburu lilikuwa limeanguka. Hapo Idah, wakili wa Jeconia, akasimama na kuomba Mburu abebeshwe gharama zote, za kortini na za kule kwa msuluhishi.

"Za kule siwezi," jaji alisema. "Msuluhishi alinyamaza, na akinyamaza, sheria inasema kila upande umlipe wakili wake, na ada ya msuluhishi igawanywe nusu kwa nusu. Kwa hivyo Bwana Mburu atarudisha nusu aliyolipiwa. Lakini kuja hapa alijileta mwenyewe, na ameshindwa. Gharama za hapa ni zake."

Nje kwenye varanda Jeconia aliegemea ukuta. Pesa zilimuuma, ndiyo. Lakini zaidi alikuwa ametaka mtu mwenye joho aseme mbele ya watu kwamba jambo lote hili, tangu kufuli lile, lililetwa na Mburu.

"Tulikuwa na nafasi ya kumrudia msuluhishi atamke kuhusu gharama," Idah alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Muda ulikuwa mfupi, nami nikaupitisha. Pole sana, mzee."

Jeconia alitafuta hasira ndani yake akaikosa. "Wewe pia ulichoka," alisema.

Mburu alitoka akiwa peke yake. Alikuwa amekonda. Alisimama hatua chache mbali nao, funguo za gari zikicheza mkononi.

"Baba Marvin. Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mama. Sikuwahi kukuambia."

Kwenye benchi lile Jeconia alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwambia.

"Asante," alisema, akateremka ngazi.

Nyumbani mkewe, Auma, alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Wamesemaje?"

Akamweleza: Mburu atalipa za kortini na nusu ya ada, wakili wa kule kwa msuluhishi ni mzigo wao wenyewe. Na hata hizo za kortini Idah ataziorodhesha, naibu msajili wa mahakama azikague na kuzipunguza kwanza.

"Kwa hivyo tumeshinda?"

"Idah anasema tumeshinda. Kesho nitafute pikapu nikachukue mashine Mwiki. Sijui nitazikuta katika hali gani."

Auma akainuka kumpakulia chakula. Aliporudi na sahani, Jeconia alikuwa amelala kwenye kochi, shati jeupe mwilini na viatu miguuni. Akaifunika sahani, akamwacha.