Foleni Iliyorudi Nyuma

Juzi nilifanya ujinga mtupu. Nililamba bahasha, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta yetu ya sokoni, ndipo nikaona mlango una kufuli lenye kutu.

Ladha ya gundi ikanirudisha utotoni, kwenye dirisha la posta hiyohiyo, mama amenishika mkono. Hakujua kusoma. Karani alifungua barua ya baba kutoka mashamba ya chai, akasema, "Mama, sogea karibu." Akamsomea kwa sauti ya chini, hata kitambaa cha kichwani cha mama kikagusa vyuma vya dirisha. Foleni nzima ilirudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa. Siri ya nyumba yetu ikabaki yetu.

Leo wakubwa wanasema watu wana simu, posta haina kazi. Haina kazi! Mama asiyejua kusoma anasomewa ujumbe wake kwa kelele kwenye kibanda cha simu, soko zima likisikia. Hayo ndiyo maendeleo?

Nikafoka hivyo mpaka jirani yangu, muuza ndizi, akachoka: "Wacha kelele, wewe. Tulipoitwa mkutano wa kuitetea hii posta, tulikuja watu wanne. Wewe ulikuwa kwako ukiota jua."