Jiwe Lililotoka Safi

Marehemu Papa Georges, fundi mwashi wa Likasi, hakuonekana akitetemeka ila Jumamosi moja. Alikuwa ametoa mbao zilizoshikilia zege chini ya roshani mpya ya kanisa, ambako kwaya ingesimama kesho yake, akagonga ukingo kwa nyundo. Jiwe moja la ndani ya zege likachomoka safi kama jino, likaacha shimo laini. Saruji iliyoshika jiwe huvunjika pamoja nalo, lakini hii haikushika. Akakumbuka kwamba siku ya kumimina zege maji yalikatika, yaliyobaki yakatosha kuchanganyia saruji tu, naye akakubali kokoto zitumike na vumbi lake, bila kuoshwa.

Mkewe Albertine, mwimbaji wa kwaya hiyo, akamcheka kutoka chini.

“Papa Georges, unatetemeka sawa muntu wa malaria! Si weye ndiye uliijenga?”

“Ndiyo maana naogopa, Mama. Kati ya jiwe na saruji kuna vumbi. Mutaanguka wote.”

Hakumsubiri padri. Alichukua nyundo kubwa, akaibomoa kazi yake mwenyewe mpaka jua likazama, huku akisali Salamu Maria. Jumapili Albertine aliimba akiwa amesimama sakafuni, mzima. Bwana ampumzishe fundi wake.