Nani Amegusa Nyimbo za Filomena

"Filomena, wewe na Athanas mmekosana nini?" Jirani yake Mosi alimwuliza hivyo bombani, ndoo zikijaa. "Juzi tu mlikuwa mkicheka hadi barabarani, leo hata salamu hakuna!"

Filomena alijitwisha ndoo yake, akaondoka. Yeye na Athanas walipunguzwa kazi pamoja chama cha ushirika kilipofungwa, wakafungua ofisi ya kuchapa hapo Morogoro mjini. Walikuwa na kompyuta mbili za mitumba zilizounganishwa kwa waya, na kazi zote zilitunzwa kwenye moja kubwa zaidi, iliyokaa chumba cha Athanas hapo ofisini.

Tangu umeme ulipokatika wiki ile, kila Filomena alipohifadhi nyimbo za kwaya ya parokia, kioo cha kompyuta yake kilimwonya: faili hili limebadilishwa na mtu mwingine. Mtu mwingine ni nani kama si Athanas?

"Dada, sijagusa," Athanas alimwambia.

"Basi amegusa malaika?"

"Malaika angewarekebishia wanakwaya na ile sauti ya pili inayowapotea."

Zamani wangecheka. Siku hiyo hakucheka mtu. Kesho yake Athanas akafunga begi. "Kama huniamini, dada yangu, bora nikalime kabichi kwetu Mgeta."

Filomena akabaki peke yake. Akafunga mlango, akachapa ubeti mmoja, akahifadhi. Onyo likaja lile lile. Mtu mwingine! Na humo ndani alikuwamo yeye na Mungu wake tu.

Akaenda kuitazama mashine kubwa. Saa ya kompyuta yake ilionyesha kumi na robo. Ya huku, nne na robo. Umeme uliporudi siku ile, mashine hii ilikuwa imepoteza saa, na aliyeiweka upya ni Filomena mwenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, akaandika nne, kama tunavyosema sote, ilhali mashine, kwa saa za Kizungu, hutaka kumi. Basi kila alichohifadhi kilipigwa muhuri wa saa nyingine, na kompyuta yake ikakiona kigeni.

Akaisahihisha, akahifadhi tena. Onyo halikuja tena.

Asubuhi iliyofuata alipanda Mgeta kwa pikapu ya mboga, rozari mkononi. Mama yake Athanas aliitikia shikamoo yake, akamwonyesha shamba kwa kidole, akarudi jikoni taratibu. Athanas alikuwa amepiga magoti kwenye tuta, akipalilia. Hakuinua uso. Filomena naye akapiga magoti hapo hapo udongoni na gauni lake la kanisani, akamweleza habari yote ya ile saa, bila kujitetea.

Kisha akasema, "Athanas, nisamehe. Rudi tumalize nyimbo."