Bao la Ubavuni

Ukitaka kujua kama Sikuzani amefika uwanjani, hukuwa na haja ya kumtafuta kwa macho. Sauti yake ilimtangulia. Asubuhi aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la mtaa wa Buyenzi, na koo lile lile lililowaita wateja asubuhi ndilo lililowasukuma vijana wa Mshale, timu ya mtaa, alasiri. Mumewe, Khaled, fundi wa magari, alikuwa mgonjwa wa Mshale kumshinda yeye. Majirani walipenda kusimulia kwamba ndoa yao ilifungwa Alhamisi kwa sababu Ijumaa kulikuwa na mechi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanusha.

Mwaka ule wa 2004 vita vilikuwa bado havijaisha. Usiku risasi zilisikika kutoka milimani, na kila mtu alihakikisha yuko kwake kabla ya saa za kutotoka nje. Hata hivyo mchana watu walikuwa wameanza kuvuka tena kwenda kwenye mitaa ambayo kwa miaka hawakuikanyaga. Vijana walitangulia, wakiufuata mpira. Chama cha wachezaji wa mitaa kilianzisha kombe, na katika nusu fainali timu ya Carama, kutoka kaskazini kabisa ya mji, ikavuka mto Ntahangwa kuja kucheza na Mshale pale Buyenzi. Wazee walitikisa vichwa. Vijana walijaa uwanjani mpaka wengine wakapanda juu ya kuta.

Mechi ilikuwa moto. Kila timu ilikuwa na bao moja na muda ulikuwa unayoyoma. Sikuzani, akikimbia jua, alikuwa amehamia nyuma ya goli la Carama. Mara winga wa Mshale akachomoka, akawaacha mabeki wawili wanaangaliana, akapiga kombora. Wavu ukatikisika. Refa akapuliza filimbi akionyesha kati ya uwanja.

Buyenzi ikalipuka! Kofia zikaruka, watu wakakumbatiana na watu wasiowajua. Sikuzani alikuwa ameshafungua mdomo kupiga vigelegele, akaufunga. Yeye alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Mpira haukupita kati ya nguzo. Ulipita nje, ukaingia kwenye tundu la wavu, ubavuni.

Wachezaji wa Carama walikuwa wameshamzunguka refa. Aliitwa Loïc, kijana mwembamba aliyeshika filimbi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mmoja akamsukuma. Kijana wa Buyenzi akajibu kwa kumsukuma yule. Jiwe likaanguka katikati yao, halafu la pili. Askari waliokuwa barabarani wakashusha bunduki mabegani na kuanza kusogea.

Sikuzani hakuwaza. Alikuwa ameshaingia uwanjani.

"Si bao!" alipaza sauti, na sauti ile ilizima nyingine zote. "Apana! Mupira umeingia kwa ubavu! Mi nimeuona!"

Akarudi mbio golini, akatumbukiza mkono wake kwenye tundu mpaka begani, akauchezesha upande wa pili ili kila mtu auone. Watu wa Carama wakashangilia. Watu wake mwenyewe wakamtazama kana kwamba amewamwagia maji machafu.

"Filimbi imeshalia," alisema Loïc kwa sauti ndogo.

Bwana Hugues, rais wa chama, akaja kutoka kwenye kiti chake kivulini. "Bao ni bao," akatangaza. "Arbitri akisema, imekwisha. Mshale wako fainali."

Nahodha wa Carama, Sylvère, aliwakusanya wenzake kabla jiwe la tatu halijarushwa. Alipompita Sikuzani alisimama. "Aksanti, mama," alisema. Kisha wakaondoka, wakirudi walikotoka.

Buyenzi haikuliacha jambo hilo lipite. Kesho yake gereji ya Khaled ilijaa watu wasio na magari.

"Arbitri akishapuliza, hakuna neno!" alisema mmoja, akigonga boneti ya gari la watu. "Leo tukikubali kurudia mechi, kesho kila mutu atasema ameona tundu."

"Arbitri ni mutu, si Mungu," mwingine akajibu. "Kosa likionekana, lirekebishwe."

"Na ingekuwa sisi ndio tumefungwa kwa tundu? Ungesema hivyo?"

"Ningepasua anga!"

Wakacheka, wakaanza upya. Khaled hakucheka. Tangu jana alikuwa hasemi na mkewe moja kwa moja. Sikuzani alipomletea chai, alimgeukia jirani: "Mwambie Mama Saliha aweke pale."

"Mwambie Baba Saliha," Sikuzani akamjibu jirani yule yule, "chai haina timu. Anywe tu."

Ndipo Idi, nahodha wa Mshale, aliyekuwa amekaa juu ya tairi tangu asubuhi, akauliza swali lililogeuza mazungumzo yote: "Huyu arbitri, nani alimuchagua?"

Kila mmoja alijua. Loïc alikuwa mpwa wa Hugues. Na Hugues mwenyewe, aliyeishi kule Kinanira juu, kwa matajiri, na kufanya biashara Rohero, katikati ya mji, hakuwahi kupiga mpira. Alitoa jezi, akaitwa rais, na tangu siku hiyo hapakuwa na uchaguzi. Yeye alipanga mechi, yeye aliteua marefa, yeye alihukumu malalamiko dhidi ya marefa aliowateua.

"Chama cha wachezaji," alisema Idi, "na kwenye komite hamuna muchezaji hata mumoja. Tundu haliko kwa wavu peke yake."

Jumapili wachezaji wa timu zote wakaitisha mkutano katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima wenye miguu mirefu walibanana kwenye madawati ya watoto, na mashabiki wakajazana madirishani. Sylvère alikuja na wenzake watatu. Safari hii Idi alikwenda mwenyewe hadi Carama kuwachukua, akatembea nao njia nzima, ili asitokee mtu wa kuwagusa.

Sikuzani aliitwa aeleze alichoona. Hajamaliza sentensi mbili, Hugues akasimama.

"Huyu mama si mchezaji. Anasema hapa kama nani?"

"Na we prezida," sauti ikatoka nyuma, "ulicheza namba ngapi?"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Hata Sylvère, aliyekuja na uso wa jiwe, alicheka mpaka akajifuta macho. Hugues akangoja kelele zitulie. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilikuwa kweli: "Wakati kila mutu alikuwa anaogopa, mimi niliwapa maillots, hizi jezi munazovaa. Bila mimi mutacheza na nini?"

Swali hilo liliwauma, kwa sababu lilikuwa la haki. Idi akainuka polepole. Akavua jezi ya Mshale, akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akaiweka mezani mbele ya Hugues. "Tunakushukuru, kwa kweli. Lakini shukrani si uchaguzi."

Akafuata winga aliyefunga lile bao. Kisha kipa. Jezi zikarundikana mezani, na madirishani watu wakapiga makofi kwa kila moja. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa mbele ya wote: Idi akawa rais, Sylvère makamu wake. Wakakubaliana marefa wateuliwe na wachezaji wa timu ambazo hazichezi siku hiyo. Kisha wakaamua mechi irudiwe. Filimbi wakampa Libère, mwalimu wa michezo ambaye hakuwa na mtoto wala ndugu katika timu yoyote, na kwa kuwa nyavu zilikuwa zimechoka, nyuma ya kila goli atasimama mtu wa kuthibitisha mabao.

"Kwa goli moja tunaweka mutu wetu," alisema Sylvère. "Kwa lingine, sisi watu wa Carama tunataka yule mama wa ndagala."

Sikuzani, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, alitikisa kichwa tu kukubali.

Siku ya marudio uwanja haukuwa na nafasi ya kutia sindano. Walikuja watu wa Bwiza, wa Kinama, na hao wa Carama, safari hii na mama zao. Mshale walicheza vifua wazi. Kabla ya kuanza, Libère aliwakusanya mashabiki. "Mkinipigia kelele, sawa, hiyo ni kazi yenu," aliwaambia. "Lakini baada ya mechi nitasimama hapa na kueleza kila nilichoamua. Mwenye swali aje na swali, asije na jiwe."

Sikuzani alijifunga kitenge kiunoni, akasimama nyuma ya goli lake na kitambaa cheupe mkononi. Kipindi cha kwanza goli hilo lilikuwa la Mshale, na Sylvère, baada ya kuangushwa na beki, akapiga faulo iliyoingia safi pembeni kabisa. Sikuzani akainua kitambaa. Katika umati alimwona Khaled akijifunika uso kwa mikono miwili.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana. Idi akaruka juu ya wote na kusawazisha kwa kichwa, bao lisilohitaji shahidi. Uwanja ukawa chungu kinachochemka. Carama wakagonga nguzo. Mshale wakakosa wakiwa wawili na kipa. Watu walikuwa wamesimama juu ya ncha za vidole, hakuna aliyekumbuka kuketi.

Kisha winga yule yule akapiga kutoka mbali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini, na kipa wa Carama akauvuta kifuani kama mtu anayeokoa mtoto. Bao? Si bao? Libère alikuwa mbali. Akamtazama Sikuzani. Umati mzima ukamtazama Sikuzani.

Alikuwa ameona. Mpira ulidunda ndani, na kati yake na mstari wa majivu lilikuwepo pengo ambalo ngumi ingepita. Lakini akajua pia jinsi itakavyoonekana: mwanamke wa Buyenzi, bao la Buyenzi, dakika za mwisho. Akainua kitambaa.

Kisha upande mmoja ukapasuka kwa furaha na wachezaji wa Carama wakamkimbilia, kipa akiwa mbele. Sylvère akawakata njia, mikono ameitandaza.

"Wapi munaenda? Huyu mama alikataa bao la watu wake mbele ya macho yetu. Akisema imeingia, imeingia. Turudi tucheze, muda bado upo!"

Wakarudi! Na walicheza dakika zile za mwisho kwa nguvu ambayo Buyenzi ilizungumzia mwezi mzima. Wote kumi na mmoja walishambulia, hata kipa wao akapanda. Kipa wa Mshale alizuia shuti moja kwa ncha ya buti, hakujua mwenyewe vipi. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wa timu zote mbili walijitupa chini pale pale walipokuwa.

Khaled alivuka uwanja mbio, akimgonga kila mtu. Safari hii hakutafuta jirani wa kumtumia maneno.

"Mama Saliha! Niambie kweli. Iliingia?"

"Isingeingia ungeniona nimeinua mkono?"

Khaled akamtazama, akaanza kucheka, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kufanya.

Fainali ni habari nyingine, tena fupi: Bwiza waliwafunga Mshale matatu bila, na hakuna aliyemlaumu refa isipokuwa Khaled. Hugues alikuwepo siku hiyo, amesimama katikati ya watu bila kiti, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na ilipofika mwaka mwingine chama kilimwomba awe mweka hazina. Akapigiwa kura kama wengine.

Lakini jioni ile ya marudio jua lilikuwa linashuka na Carama walikuwa na safari. Sikuzani aliwafungia ndagala wa kukaanga, wakala wakitembea, na nusu ya Buyenzi ikawasindikiza kuelekea darajani. Libère aliwekwa katikati, kwa kuwa alikuwa ameahidi kueleza.

"Ile faulo ya kwanza," Sikuzani alimwanza, "yule beki aligusa mupira kwanza. Mi nimeuona!"

"Aligusa mguu kwanza, mama," alisema Sylvère, mdomo umejaa. "Ilikuwa mguu wangu. Bado unauma."

"We nyamaza, hujaulizwa. Mwalimu, jibu!"

Libère akasimama, akaomba mtu mmoja ajifanye beki na mwingine ajifanye Sylvère, akawaonyesha mguu ulikotokea. Nusu wakasema ndiyo, nusu wakasema apana. Walikuwa wamefika darajani, na askari wa pale akawaambia waharakishe, saa zinakwenda. Carama wakavuka. Wakiwa ng'ambo, Sylvère akageuka na kuinua mguu wake juu, akiuonyesha kwa kidole, na Sikuzani akamjibu kutoka upande wake kwa sauti iliyovuka mto bila taabu:

"Mupira kwanza!"