Fundi Mizani na Mikate Kumi na Minne

Karakana ya mizani ambamo fundi alifanya kazi kwa miaka ishirini na miwili ilifungwa mwezi mmoja tu baada ya mwenye karakana kufariki. Watoto wa marehemu hawakuwa na hamu na mizani. Waliuza vyombo, wakafunga mlango, na fundi akajikuta unga umemwagika akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Wenzake pale walikuwa wakimwita Gramu, kwa sababu hakupata hata siku moja kusema kitu kiko "karibu sawa". Sasa hapakuwa na wa kumwita hivyo. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na binti yao wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali, akipiga simu kila Jumapili.

Kiwanda kimoja cha mikate kilipomwita kwenye usaili wa kazi ya kutunza mizani, binti alifurahi kuliko yeye.

"Lakini baba, siku hizi hawakuulizi kazi unayoijua tu. Wanataka uwe umewachunguza. Walianza lini, wanatengeneza nini, wanajivunia nini. Nenda maktaba ukasome tovuti yao."

Alikwenda Jumatano. Alipofungua kinywa kumweleza mkutubi shida yake, sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akakohoa, akaanza upya. Ndipo alipotambua kuwa tangu simu ya Jumapili hakuwa amezungumza na mtu yeyote.

Mkutubi alimfungulia kompyuta. Gramu akaandika daftarini mwaka kiwanda kilipoanza, aina za mikate na idadi ya tanuri. Kisha akafika kwenye picha za wafanyakazi walipokwenda matembezi. Walikuwa wamekaa majanini, mabega yamegusana, na mmoja mwenye mvi alikuwa akicheka hadi macho yamefumba. Gramu aliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko kurasa zote.

Hata hivyo maneno ya tovuti hayakumtosha. Yeye kitu alikijua kwa kukipima. Kwa siku saba mfululizo alikwenda duka lililo jirani na kiwanda, akanunua mkate mmoja uliotoka asubuhi na mmoja uliotoka alasiri, ikiwa bado na uvuguvugu, akaenda kuipima kwenye mizani yake mezani jikoni. Karatasi ya kufungia ilisema gramu mia nne. Ya asubuhi ilikuwa sawasawa. Ya alasiri ilipungua gramu tisa, kumi, siku nyingine kumi na moja.

Mikate kumi na minne kwa mtu mmoja si mchezo. Alikula mkate asubuhi, mchana na jioni, na bado mingine ikamkaukia kabatini.

Siku ya sita alimsalimia mlinzi wa getini, wakapiga soga kidogo.

"Humo ndani joto likoje?" Gramu aliuliza.

"Asubuhi unavumilia. Ikifika saa saba mchana, pale wanapopima madonge ya unga huwezi hata kuegemea ukuta. Tanuri iko nyuma yake tu."

Gramu akashukuru na kwenda zake. Alishajua ugonjwa.

Jumapili alimsimulia binti. "Wewe wasifie tu, baba," binti akasema. "Usiwakosoe. Unataka kazi, si ugomvi."

Siku ya usaili alikuta watu wawili mezani: afisa utumishi, ambaye ni mama mwenye sauti ya upole, na mkuu wa uzalishaji. Alimtambua mara moja yule mkuu. Ni yule mwenye mvi wa kwenye picha, ila leo hakuwa na kicheko.

"Unajua nini kuhusu kampuni yetu?" mama aliuliza.

Gramu alitaja mwaka, akataja tanuri. Kisha akapiga moyo konde, akafungua daftari na kuwasomea vipimo vyote, siku kwa siku.

"Umekuja kuomba kazi au kutukagua?" mkuu akauliza.

"Niliambiwa nije nikiwa nawafahamu. Mimi sijui njia nyingine ya kumfahamu mtu anayeuza kwa mizani. Hamwibi. Mizani yenu inachemka mchana ikasoma uzito uliozidi, basi. Isogezwe hatua sita kutoka kwenye tanuri, na ipimwe upya kila baada ya saa sita."

Mkuu alilivuta daftari, akalisoma mstari kwa mstari.

Baada ya siku nne mama yule akampigia. Amepata kazi, miezi mitatu ya majaribio, aje achukue fomu. Gramu alisimama katikati ya chumba na simu mkononi. Akampigia binti, simu ilikuwa imezimwa, kwake ni saa za kazi. Akaketi.

Fomu aliijaza palepale ofisini, ila kwenye nafasi moja mama akamrudishia. "Mtu wa karibu wa kutafutwa ukipatwa na jambo. Huyu binti yako yuko mbali mno, baba. Tuandikie wa hapahapa."

"Nitaileta kesho," alisema.

Njiani aliwapitia watu wote kichwani. Wa karakana walishatawanyika. Alipofika kwake alisimama mbele ya mlango wa pili, kwa muuguzi ambaye kwa miaka minne walikuwa wakipeana "habari" na "nzuri" tu pale ngazini. Akabisha.

Muuguzi alitoka na sare yake ya kazi, akamsikiliza hadi mwisho, naye Gramu aibu imemjaa hadi masikioni.

"Hakuna shida, niandike," alisema. Akaitoa namba yake taratibu, tarakimu moja moja, kisha akasita. "Jirani, samahani. Siku wakinipigia, watanitajia jina. Wewe hasa unaitwa nani?"

Gramu akamtajia jina lake kamili. Kisha akamuuliza na yeye la kwake, maana hata hilo hakulijua, akaliandika kwenye fomu huku ameiegemeza ukutani.